Mvua Niliyomtangazia Mama

Laiti siku ile ningemkatalia dada yangu. Kila ninaposikia harufu ya maharagwe yaliyohifadhiwa katika majivu, narudi kimawazo kijijini kwetu Burungu, miaka ya vita, tulipobakiwa na kikapu kimoja tu cha mbegu. Dada alikibeba kichwani kila tulipokimbilia porini. Redio ilitangaza kwa Kifaransa kwamba mvua ingechelewa, na nyumbani aliyeelewa ni mimi tu.

“Wewe musomi, ambia Mama mvula iko karibu, tupande,” Dada alininong’oneza. “Shingo yangu imechoka.”

Nikamwambia Mama kuwa redio imesema hivyo. Akacheka: “Kumbe masomo iko na faida!”

Tulipanda siku hiyohiyo. Mbegu zikakaukia ardhini. Njaa ilipozidi, Dada aliozwa mbali, huko Walikale, ili sisi tupate chakula. Sikumwona tena.