Nilivyomtafsiria Bibi Nyonga Yake

Bibi alipovunjika nyonga huko Izimbya, hofu ya kukosea tafsiri hospitalini ilinifanya nitazame video za upasuaji mpaka nikaamua anafaa kuwekewa kiungo bandia, basi. Daktari, mtu wa kofia na Kiswahili cha pwani, aliona vingine: “Mfupa wa paja umevunjika chini ya shingo yake, pale unapoingia nyongani. Tukipitisha chuma ndani yake, atarudi migombani.”

Bibi anajua Kihaya tu, na mkalimani nilikuwa mimi. Nikamwambia kwa heshima ya Kihaya, “Waitu, daktari anashauri kiungo bandia. Kubali.”

Daktari akainama, akamweleza Bibi habari ya chuma kwa Kihaya cha Muleba, fasaha kuliko changu. Kisha akanigeukia kwa Kihaya hicho hicho: “Na wewe, daktari mwenzangu, umesomea wapi?”

“Kwenye simu,” Bibi akanijibia.