Pikipiki ya Kumpakia Mama

Ndugu waendesha pikipiki, mtanivumilia kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika mara chache, kwa hiyo herufi zangu hazikai kwenye mstari na mahali pengine nitakuwa nimekosea maneno. Nimetumia siku tatu kuandika. Lakini nina jambo la pikipiki ambalo kulisema kwa mdomo naona aibu.

Masika iliyopita mama yangu alianguka na bodaboda kwenye utelezi, hapa Kitanga. Aliumia nyonga. Hospitali ya Kasulu walimpangia kwenda kila baada ya wiki mbili, lakini akakataa kabisa kupanda bodaboda tena, na kutoka kwetu hadi barabara ya magari ni mbali kwa mtu anayechechemea. Tarehe zikawa zinapita. Siku moja, tulipokwisha kuuza maharage, akaniambia mbele ya dada zangu: "Nunua pikipiki. Ya kwako nitapanda. Ya mtu mwingine sipandi."

Dada zangu walifurahi. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kuachia klachi bila injini kuzima.

Aliyekuwa ananifundisha ni shemeji yangu, mume wa dada mkubwa, ambaye ni bodaboda Kasulu mjini. Jumapili alinipeleka uwanja wa mpira nikazunguka magoli. Yeye ndiye alisema tununue pikipiki kubwa, ile ndefu nyekundu.

"Milima ya kwetu inataka mnyama, shemeji," alisema. "Kadogo katakuacha katikati."

Tukaenda dukani. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, mpole, anayeongea taratibu. Aliniambia niikalie. Nikaikalia. Vidole vya miguu tu ndivyo viligusa sakafu, na nilipoegemea upande mmoja, mguu wa pili ulining'inia.

"Imekukaa!" shemeji akapiga makofi.

Mzee hakuniangalia usoni, aliangalia viatu vyangu. "Miguu inafika, mwanangu?"

Watu wengine walikuwa wameingia dukani wananitazama. Nikasema, "Inafika."

"Kanzu ikizidi tunakunja pindo," mzee akasema. "Hii haikunjwi. Nendeni mkajaribu ya namna hii barabarani, halafu mrudi."

Shemeji akaazima ya mwenzake, ya aina ileile. Nililala kwake, na asubuhi iliyofuata tukatoka mjini, tukashika njia ya Kitanga ambako magari ni machache. Mimi mbele, yeye nyuma na ya kwake. Nilikwenda gia ya pili, mabega yamekakamaa, nikiwaza jambo moja tu: kusimama. Kwenda kulikuwa rahisi. Kusimama ndiko kulikonitia hofu.

Mbele yangu akatokea babu mmoja na jembe begani. Aliponiona akasogea pembeni, akashusha jembe, akapiga viganja vyake taratibu. "Mwakeye!"

Asiyetoka kwetu nimweleze. Waha tukisalimiana tunapiga makofi mepesi kwa mikono yote miwili, na mdogo huinama kidogo. Mzee akikupigia makofi halafu ukapita tu, habari itafika nyumbani kabla yako. Mimi tangu nikiwa mtoto sijawahi kumpita mzee hivyo. Nikapunguza mwendo, nikaona nimeshapunguza vya kutosha, nikaachia usukani, nikainama, nikapiga makofi. "Mwakeye, babu!"

Klachi niliiachia pamoja na usukani. Pikipiki ikaruka mara moja, ikazima, ikalala upande wa kushoto. Nikashusha mguu kutafuta ardhi. Hapo ukingoni barabara ilikuwa imeliwa na maji, ardhi ilikuwa chini zaidi, mguu haukukuta kitu. Nikaanguka, na pikipiki juu yangu.

"Yoo!" babu akapiga kelele. "Nimemuua mtoto wa watu kwa salamu!"

Shemeji alifika akicheka mpaka machozi. Alipoona goti langu akaacha, lakini si kwa muda mrefu.

"Umeachia mikono yote?"

"Babu alinisalimia."

"Sasa ukikuta wazee wako kwenye kikao je? Si utapiga sarakasi!"

Walininyanyua wote wawili. Babu alinipangusa vumbi begani, akasema bila kucheka: "Ukiona mzee, simama kwanza. Zima. Weka miguu chini. Halafu ndiyo unisalimie. Mimi nitasubiri, naenda shamba tu."

Kioo kilikuwa kimepinda, shemeji akakinyoosha kwa mkono. Goti lilikuwa limechubuka, si sana. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza upande wa kushoto wa ile pikipiki, pale mtu wa nyuma anapoweka mguu, nikiuona mguu wa mama uko chini yake.

Ilinichukua siku mbili kumwambia shemeji. Alikuwa anakula, mimi nikiangalia sahani yake.

"Ile nyekundu siitaki."

"Kwa nini?"

"Miguu haifiki."

"Si ulisema inafika?"

"Nilidanganya."

Nilidhani atakasirika, kwa sababu alikuwa ameshamwahidi yule mzee wa duka. Lakini akasema yuko mwalimu Kitahana, upande wa Kibondo, amepata uhamisho na anauza kapikipiki kafupi. "Ila jiandae. Bodaboda wote wa Kasulu watakuita mama mchungaji, maana vifupi hivyo ni vya kina mama wa kanisani."

Tulikwenda. Mwalimu alikuwa mama wa Mbeya, mwenye sauti ya darasani, na mbele yake nilisahau hata maneno ya kawaida. Aliniambia nikae. Nilikaa, na nyayo zangu zote mbili zikalala chini. Nilitamani nibaki hivyo hivyo.

"Utampakia nani?" akauliza.

"Mama yangu. Ana nyonga mbovu."

"Basi mpakie huyu shemeji yako, uzunguke nyumba mara tatu, usimame kila kona."

Shemeji ni mnene. Kona ya pili pikipiki iliyumba, nikaikamata kwa miguu, haikuanguka. Mwalimu akatuambia na ubaya wa pikipiki bila kuulizwa: breki ya nyuma imekwisha, na mlimani ukiwa na mtu injini inachoka. Shemeji akapiga magoti akakagua mnyororo, akanusa oili, akasoma kadi mara mbili. Tukainunua, na breki tukabadilisha Kibondo kabla ya safari ya kurudi. Aliendesha shemeji. Mimi nilikaa nyuma.

Nyumbani mama aliizunguka, akabonyeza kiti kwa kiganja. "Na hii nayo huanguka?"

Nilitaka kusema hapana. "Huanguka, mama. Ila hii miguu yangu inafika chini."

Akafunga kitenge vizuri akapanda. Kumbe kuna kitu hatukukifikiria, wala mimi wala shemeji wala mwalimu. Nyonga haimruhusu kutanua miguu. Alikaa upande, miguu yote kushoto, na uzito wote ukaenda huko. Uwanjani tulizunguka salama, akiwa ameshika shati langu mpaka kifungo kikakatika. Lakini kwenye kile kilima cha kutokea barabara kubwa nilisimama kumpisha ng'ombe, na nilipotaka kuondoka injini ikazima, tukarudi nyuma kidogo. Niliishika kwa miguu na breki. Mama hakupiga kelele. Alishuka polepole, akasema, "Nitakukuta juu," akaanza kupanda kwa miguu akiegemea fimbo.

Alhamisi ni tarehe yake ya hospitali. Amesema atakwenda na mimi, na kile kilima atakipanda kwa miguu. Kila jioni nafanya mazoezi pale peke yangu, nimefunga gunia la mahindi upande wa kushoto, na mara moja kati ya tatu bado inazima.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaopakia watu wanaokaa upande: mkisimama mlimani, mnaondokaje? Mnashika breki ya mbele au ya nyuma? Abiria mnamwambia aegemee wapi? Niandikieni, hata mistari miwili inatosha. Baada ya Alhamisi hii kuna Alhamisi nyingine, na sitaki apande kile kilima kwa fimbo wakati pikipiki ipo.