Faru Alikufa Mara Ngapi

Wasomaji wa katuni ni watu wakali. Ukikosea rangi ya viatu vya shujaa, kijana wa kule Njiru atakuandikia kabla hujamaliza chai. Lakini hakuna anayemfikia Bi Mishi, muuza mahamri wa hapa kwetu Kaloleni. Ana matoleo yote kumi na mawili ya katuni yangu ndani ya bati la biskuti, na huyasoma kwa miwani iliyofungwa uzi, kidole kikipita juu ya kila neno.

Shujaa wangu ni Garimoshi, fundi wa karakana ya reli aliyelipukiwa na boila akatoka na nguvu za injini. Adui yake ni Kutu. Rafiki yake ni Faru, kijana mwenye pengo na masikio makubwa, na huyo sikumbuni. Huyo ni Farid, mtoto wa Bi Mishi, niliyekua naye nyumba zetu zikitazamana, aliyeanguka kutoka paa la ukumbi wa mtaa tukiwa na miaka kumi na sita. Nilipomwomba mama yake ruhusa ya kuutumia uso wake, hakusita.

"Mchore," aliniambia, "lakini usimpunguzie masikio."

Basi Faru akapendwa kuliko shujaa mwenyewe. Fulana zake, stika, vikombe, vishikio vya funguo, vyote viliisha mapema kwenye tamasha la katuni mjini, Garimoshi akabaki mezani kama mahamri ya jana. Nami nilikuwa nimeshamuua. Katika toleo la nne aliteleza juu ya paa kwa sababu ya mvua. Katika la tisa nikaeleza kwamba haikuwa mvua, alisukumwa na Kutu. Katika la kumi na moja nikafichua siri: aliyeanguka ni pacha wake, Faru mwenyewe yu hai.

"Buda, hiyo stori umeifunga mafundo mpaka basi," Seth, mteja wangu wa mtaa wa Baba Dogo, aliniambia. "Lakini Faru kurudi, hiyo ni fiti. Niwekee tisheti mbili."

Nilicheka, nikamfungia. Jumamosi iliyofuata Bi Mishi akaniita mahamri yalipokwisha. Nilimkuta ameyapanga matoleo matatu mkekani.

"Odongo, mwanangu, kaa. Mimi si msomi, lakini hapa sijaelewa." Akagusa moja moja. "Huku mvua. Huku Kutu. Huku pacha. Mimi sikuzaa pacha, lakini haya, ni katuni." Akavua miwani. "Kuna kitu kimoja tu hubadilishi. Mara zote Faru yuko peke yake. Na wewe na Farid hata chooni mlikuwa mkisindikizana. Wewe ulikuwa wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, lile nililowapa polisi na mama yangu mzazi: nilimkuta chini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imenichukua miaka kumi na minne. Nikafungua mdomo, nikajiona natunga toleo jingine.

"Nilikuwa chini namtazama, Mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyemtuma."

Nikamweleza. Tulikuwa tukimchora Garimoshi na rafiki yake barazani pa ukumbi, upepo ukabeba ukurasa wangu mpaka juu ya paa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na vigae vilikuwa vimelowa. Farid aliogopa kupanda. Mimi pia niliogopa, ila mimi nilijua kuchokoza. Nilimwambia rafiki wa kweli wa Garimoshi hangeogopa. Akapanda, akaupata, akanidondoshea huku akicheka, na alipogeuka ashuke akateleza. Niliuficha ule ukurasa ndani ya shati kabla sijapiga kelele za kuita watu. Kabla, Mama. Hilo ndilo sijawahi kujisamehe.

Bi Mishi alisugua unga uliokauka kwenye kucha.

"Farid alikuwa hapandi hata kiti kunibadilishia balbu," akasema. "Nilijua kuna aliyemtuma. Hivi vitabu vyako nimevinunua vyote nikidhani utaniambia humu."

Nikaomba samahani. Ilitoka ndogo.

"Na huo ukurasa?"

Nikatoa toleo la kwanza kwenye bati lake mwenyewe, nikamfungulia ukurasa wa saba. Niliuchapa, kwa kuwa ulikuwa mzuri. Garimoshi anavuka mto, Faru yuko mabegani pake, na pembeni kuna doa jeusi ambalo wasomaji wamebishana miaka mingi wakilitafutia maana. Ni alama ya kidole cha Farid, chenye uchafu wa vigae.

Aliweka kidole chake juu ya doa lile.

"Wenyewe, uliochorwa na mkono wako, uko wapi?"

"Uko kwangu."

"Kaulete."

Nikavuka, nikauleta. Aliupokea kwa mikono miwili, akautazama, akamimina matoleo yaliyobaki kutoka kwenye bati, akaulaza ndani peke yake na kufunika. Kisha akanikusanyia vitabu vyote kumi na viwili, akanipa.

"Hivi chukua," akasema. "Mwanangu hayumo."