Eda ya Yaya Zaina na Ndege za Jiwe

Nyumba yetu iliacha kunukia siku ile tulipata habari kama pirogi imepinduka mu muto na bwana ya Zaina, dada yangu mukubwa niliyemuita Yaya, amekufa maji. Mama alikusanya udi, marashi, hata sabuni ya harufu, akafungia vyote mu sanduku, juu mujane wa kiislamu akiwa mu eda hajipaki kitu na hatoki inje. Ikabaki harufu ya muto, na ya samaki ambayo majirani wavuvi walikausha kwa moshi. Yaya akarudi kwetu, akaingia mu chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa na miaka tisa na kinywa ya moto. Nikasema: kama yeye hatoki, mi pia sitoki. Bon, kwa masomo nilienda, narudi mbio. Kucheza, soko, harusi, vyote nilikataa. Hakuna mutu aliniomba.

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja ya vyuma, na dirisha ilitazama maporomoko. Maji ilikuwa kidogo wakati ule, mawe yote inje. Juu ya jiwe kubwa zilikaa ndege ndogo za rangi ya moshi, kola nyeupe shingoni, miguu myekundu. Zinataga palepale juu ya jiwe, bila nyasi, bila kitu. Bati ilitupika toka juu, vyuma vilituchora mabega, na sisi tunatazama tu, juu hakukuwa kingine cha kutazama. Yaya alijua ipi iko mama, ipi iko muchokozi. Mimi nilizipigia kelele zikigombana.

Papa Bosco, muvuvi jirani wa nyuma ya lupango yetu, naye alizihitaji. Zikihama, anajua maji inapanda, anatoa vitunga vyake vya kutegea samaki kwenye miti kabla muto haijabeba. Dirisha yetu iliona jiwe vizuri kuliko kiwanja chake. Lakini kuongea na mujane haikuwa heshima, donc aliniita mimi: "Mutoto, uliza ndege ya ndani kama ndege za inje zingali."

"Zingali. Na ukimuita tena ndege nitakutupia kokoto."

"Aah, huyu naye. Pilipili ya Basoko."

Yaya alicheka, akafunika kinywa na kitambaa. Sikuwa nimesikia kicheko chake toka msiba.

Mvua ikaja, maji ikaanza kulamba jiwe. Makinda yalikuwa yameshajua kuruka, lakini zote zilibaki. "Hazina haraka," Yaya alisema. "Zinangoja maji ifike miguuni, njo zinaenda."

Eda ikiwa karibu kuisha, Tonton Rajabu, mudogo wa marehemu, akatoka Isangi na pirogi ya motere. Akaketi mu kiti ya Papa, baba yetu, akanywa chai yetu. "Mujane wa kaka yangu iko wa nyumba yetu," alisema. "Akimaliza, namubeba, namuoa." Papa akatazama kikombe. Muzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Niliruka inje: "Tonton, weye ulikuja hata mara moja kumusalimia? Hata sukari ulileta?" Papa alinishika mukono, akanirudisha mu chumba, akafunga mulango na ufunguo. Sasa tulikuwa wafungwa wawili kweli. Nilipiga mulango na miguu mpaka Yaya akanivuta kwa dirisha.

Siku eda iliisha, jiwe haikuonekana tena. Ndege hakuna. Mama alifungua sanduku, Yaya akaoga, akajipaka marashi, nyumba nzima ikashituka. Akasimama mbele ya Tonton.

"Shemeji, eda ya kaka yako nimeimaliza. Ya kwako sitaianza."

Tonton akatazama Papa. Papa, alors, akasema polepole: "Umemusikia."

Yaya akaenda Banalia kwa mama mudogo kuuza vitenge. Alinibusu, akaniachia chumba. Nilifurahi, nikalia kwa hasira, yote pamoja.

Leo nimekuwa mukubwa, Papa hayuko tena, Mama iko kitandani mugonjwa, na mimi, niliyepigia watu wote kelele, njo nimebaki kwa dirisha ile. Kumuacha Mama siwezi, na mutu asinifundishe. Vyuma vimekula kutu, jiwe iko palepale. Yaya anapiga simu toka Banalia, anauliza kama ndege zimerudi. Zimerudi.

"Na weye, utatoka lini?"

Namujibu maji bado. Simuambii kama miguu yangu imelowa zamani.