Shamba la Mikorosho Lililogeuka Timbo

Enzi zetu kule Bongwe, msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, ulijulikana kwa nguo zetu. Utomvu wa bibo ukikuingia shatini hautoki, na mama alifua mpaka akachoka, akasema tutayavaa madoa yetu hadi Idi. Tulikula mabibo yangali na joto la jua, koo zikitukwaruza, kisha tukazichoma korosho juu ya bati kuukuu nyuma ya jiko. Mafuta yake yalishika moto, moshi ukatutoa machozi, na bado tulizibangua kwa meno midomo ikababuka. Wajukuu zangu wananunuliwa korosho za pakiti Ukunda. Siku moja niliwapa bibo, wakalinusa, wakauliza limetiwa dawa gani.

Shamba lilikuwa la baba. Tulicheza kibe humo tangu tulipotoka chuoni kusoma Kurani hadi adhana ya magharibi, na chini ya mikorosho palikuwa na ubaridi ambao sijaupata tena popote.

Chini ya udongo wa shamba lile palikuwa na mawe meupe ya kujengea. Hoteli na nyumba za kupangisha zilipoanza kuota Diani, wenye malori walimjia baba. Watoto tulikuwa wanne, sote shuleni, na karo ilikuwa inamkosesha usingizi. Mama alimwomba asikubali. Nakumbuka walivyozungumza jikoni, bila kugombana.

“Mawe yamelala tu huko chini,” baba alisema. “Watoto wanataka kusoma.”

“Hayakulala,” mama akamjibu. “Yametubeba.”

Baba alikubali kipembe kimoja tu, akaahidi kwamba kitafukiwa. Mwanzoni wakataji walitumia tindo na nyundo, na sisi tulilipenda lile timbo, shimo walimokatia mawe. Mvua ikinyesha tuliogelea humo, tukirudi nyumbani weupe kama tuliopakwa unga. Kisha ikaletwa mashine. Ilinguruma kutwa, vumbi likatanda juu ya majani na maua, na mwaka ule mikorosho haikuzaa. Mti usiozaa, wenye malori walisema, unazuia jiwe tu. Ukakatwa mmoja, kisha mwingine, na kila mmoja wetu alipoingia sekondari timbo liliongezeka upana. Mimi nilisomea uuguzi, kaka yangu Juma akawa mwalimu. Walimu wetu walitusifu kwa bidii. Hakuna aliyelisifu shamba.

Mawe yalipokwisha, malori hayakuja tena, wala hakuna aliyekuja kufukia. Baba alikuwa mzee tayari. Nilipokuja kutoka Msambweni, ninakofanya kazi, nilimkuta anashuka timboni na karai la udongo kichwani. Alikuwa amepanda miche ya mikorosho kule chini na anaitilia udongo, karai kwa karai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kusimama. Nikamwambia apumzike, jua ni kali.

“Nimepumzika sana, mwanangu,” akasema. “Nilipumzika mashine ilipokuwa ikinifanyia kazi.”

Mvua za masika zilijaza timbo, maji yakatuama, miche ikaoza. Akapanda tena. Ikaoza tena. Juma alimkasirikia. Mama ndiye aliyekuwa akimkorogea uji wa kushuka nao, wala sijamsikia hata siku moja akimkumbusha maneno ya jikoni. Baba alipofariki, tuliomba nafasi ya kaburi kwa jirani. Kwetu palibaki nyumba, ua wa kuanikia nguo, na ukingo.

Mama bado anaishi pale ukingoni. Mchana joto linapanda kutoka kwenye jiwe tupu kama la tanuri, na masika yakiisha, mbu wa timboni hawamlazi. Nimemwomba mara nyingi aje kwangu. Anasema amechoka kuhama hata kabla hajaanza.

Juzi nilikwenda kumwona pamoja na wajukuu. Walikaa barazani kila mmoja na simu yake, vichwa vimeinama kama wanaochambua mchele. Nikawasimulia kibe, tulivyojificha na tulivyotafutana. Mdogo wao wa kike aliinua uso, akalitazama timbo, akanitazama mimi.

“Bibi, mlikuwa mnachezea wapi hasa?”

Nikanyoosha mkono kumwonyesha. Kidole changu kilielekea hewani, katikati, juu ya shimo, pale ardhi ilipokuwa.