Jina jekundu nililolipaka wino mweusi

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili limenikaa kifuani tangu miaka ya sabini. Leo nalitoa lilivyo, bila chumvi. Wa kucheka mcheke, ila sitabadilisha neno.

Nilikuwa kijana, nakaa Hässelby, huko Uswidi, chumba kimoja na Kassimu, Mtanga mwenzangu. Kazi yangu ilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha udobi kule Sundbyberg, kufua na kukunja mashuka ya hoteli. Muda wote uliobaki nilichora.

Nilichora manga, zile hadithi za picha za Kijapani. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuta magazeti mawili chakavu duka la mitumba, nikaiga mstari kwa mstari. Nikikosea kope moja, nachana ukurasa mzima.

Kassimu alikuwa akinisema, "We bwana, huyo binti wa karatasi anakutesa kuliko mke."

Habari za majina alinipa Noriko, mama wa Kijapani niliyekunja naye mashuka. Tulielewana kwa Kiswidi cha kuungaunga. Alisema kwao jina huandikwa kwa alama zenye maana, na mchoraji huchagua jina linalobeba tabia ya mhusika, pengine hata mwisho wake.

Hapo nikapagawa. Binti wa hadithi yangu alikuwa anazama mtoni ukurasa wa mwisho, na hakuwa na jina! Nilijaza daftari zima. Hakuna lililonitosha.

Siku moja Noriko akanionyesha picha ya kaburi la baba yake. Jiwe lilikuwa na majina mawili, moja jeusi, moja jekundu. Lile jekundu akanisomea: Shizue. Alama ya kwanza utulivu, ya pili mto.

Mwili ulinisisimka. Nikalichukua. Nilidhani wote wawili ni marehemu, na sikuuliza.

Nikaliandika kwa wino mwekundu, kama nilivyoliona, kwenye kurasa zote kumi na mbili.

Ijumaa nikampelekea Noriko. Akaweka kidole juu ya jina.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Yuko hai. Kwetu mke aliyebaki huchongwa jina kando ya mumewe, likapakwa rangi nyekundu, likamsubiri. Kwenye jiwe tu. Kwenye karatasi hatuandiki jina la mtu hivyo."

Mama huyo alikuwa mgonjwa. Noriko, mtoto wake pekee, alikuwa anahesabu wiki ifike likizo ya Julai akamwone.

Niliomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Lakini wakuu, kubadilisha jina sikuweza. Nakiri. Nilishaona hakuna jingine.

Jumapili baada ya chakula cha mchana nikakaa kurekebisha. Nikapita juu ya wekundu kwa wino mweusi, polepole, isibaki hata chembe.

Kurasa kumi na moja zilikubali. Ya mwisho, ile ya mtoni, ilikataa. Nasubiri ikauke, wekundu unapenya tena. Nikapaka mara ya pili. Mara ya tatu ukatulia.

Jumatatu nikamwekea mezani, najivuna. "Tazama, nimerekebisha."

Noriko akashika ukingo wa meza. "Nani amekuambia?"

"Kaniambia nini?"

"Wekundu hutolewa mtu akishakufa. Telegramu imekuja jana."

Na nikauliza, Mungu anisamehe, "Alifariki saa ngapi?"

Aliupangusa ukurasa wa mwisho kwa kiganja.

"Kuutoa wekundu ni kazi ya mtoto," akasema. "Mimi nisingefika. Umeifanya wewe."

Akaukunjia ndani ya shuka safi, akaondoka nao.

Tulifanya kazi pamoja miaka miwili zaidi, na ile saa hakunitajia kamwe. Kuna siku najiambia nilimsaidia. Kuna siku najiambia mama wa watu alikuwa bado anapumua, na mimi nikapaka mara ya tatu.

Nilichojifunza: ukiliona jina zuri, kwanza uliza mwenye jina yuko wapi.

Mnaoandika hadithi, majina mnayatoa wapi? Na ungekuwa wewe, ungeuliza saa? Nijibuni, hata kwa kunitukana.