Ubavu wa Kulia wa Pikipiki

Juzi mpwa wangu alikuwa akipaka rangi ya kucha kwa ajili ya harusi, nami, mtu mzima, nikaacha kazi nikasogea kunusa. Harufu ile, rafiki yangu, hunirudisha moja kwa moja uwani kwa bibi, Mji Mkongwe, mwaka nilipotengeneza kava kama la pikipiki ya kwenye filamu.

Nilikuwa na miaka kumi na nne. Filamu tuliitazama kwa jirani, mwenye video pekee katika uchochoro wetu. Ndani yake mlikuwa na pikipiki nyekundu, kava lake la mbele limechongoka kama mdomo wa samaki chuchunge. Wenzangu waliangalia mapigano. Mimi nilimwomba jirani asimamishe mkanda, nikapima kioo cha televisheni kwa utepe wa kushonea, picha ikitetemeka kama inayosikia baridi. Jambo moja lilinitesa: kila ilipopita, pikipiki ilionyesha ubavu wa kushoto tu. Ubavu wa kulia ukoje? Hakuna aliyejua, na sikumwona aliyejali.

Mjomba alikuwa na pikipiki kuukuu aliyoisugua kila Ijumaa. Nilipomweleza nia yangu alicheka mpaka akakohoa.

"Likikaa bila kuitoboa pikipiki yangu, Sikukuu ntakupakia mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja," alisema. "Likiwa baya, utakwenda kwa miguu na wenzio."

Basi Ramadhani nzima sikuwa na hamu nyingine. Fundi wa boti wa mtaa wa Malindi alinipa mabaki ya faibaglasi, ule mkeka wa nyuzi za kioo, pamoja na gundi yake na kichupa cha dawa ya kuigandisha. Wasia wake ulikuwa mmoja: "Usijipake machoni." Mengine nilijifunza kwa kuharibu. Gundi ya kwanza iliganda koponi ikafuka moshi kabla sijachovya brashi. Nyuzi ziliniwasha kama upupu. Nilisali tarawehe nikijikuna, na bibi akidhani nina haraka ya kumaliza.

Mafundi waliotuzibia ukuta walikuwa wameacha chokaa na mchanga. Kwa hivyo nilifinyanga umbo la kava, kalibu ya kulazia nyuzi, nikalisugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Kila nikiligusa naona kasoro mpya. Bado niko hivyo. Barua ya mistari mitatu naiandika siku nzima. Nilipoanza kupaka gundi, harufu ilipanda mpaka dirishani kwa mama wa ghorofani.

"Enyi wa chini!" alipiga kelele. "Mnapika rangi ya kucha? Mtatufunguza!"

Bibi hakuinua hata kichwa. "Mjukuu wangu anapika kichwa cha pikipiki, bibie. Ukitaka sahani ntakuletea magharibi."

Alikuwa akipika mkate wa kumimina, na kwake chombo kisichopakwa samli hakitoi mkate. Alinipa kikombe cha samli nilipake umbo langu kabla ya kulaza nyuzi. Niliimalizia yote kushoto, ubavu niliojua kila pindo lake. Kulia, nisikokujua, nilipitisha tu vidole vilivyobaki na mafuta.

Siku ya kulitoa kava kwenye umbo, kushoto kulibanduka kama ganda la yai. Kulia kukanasa. Nilivuta, kukachanika, likabaki tundu la ukubwa wa sahani. Nyuzi zilikuwa zimekwisha. Nikakaa chini nikalia.

Bibi aliligeuzageuza. "Nguo ikichanika yatiwa kiraka. Kwani hii si nguo ya pikipiki?" Akaingia ndani, akatoka na kanga yake ya zamani, akaichana mbele yangu. Tuliichovya kwenye gundi, tukaiweka. Iliganda ngumu kama kioo, na maua yake ya korosho yakaonekana waziwazi.

Nilipanga kuyafuta kwa rangi. Mwezi ishirini na tisa Ramadhani nipake kushoto, thelathini nipake kulia. Sasa nani huweka jambo la lazima siku ya thelathini? Jioni ya ishirini na tisa nilikuwa bado napaka kushoto kwa brashi nyembamba, redio ikatangaza kwamba mwezi umeandama. Uchochoro mzima ulilipuka kwa takbira. Mimi nilishika brashi mbichi nikitamani mawingu yangeufunika.

Asubuhi mjomba alilifunga kava kwa vipande vya tyubu. Likakaa. Nilimsihi asubiri siku ya pili ya Sikukuu.

"Nshalifunga, mwanangu. Panda."

Mnazi Mmoja nilimwomba aegeshe ubavu wa kulia ukutani. Haikusaidia. Watoto wenye nguo mpya na lambalamba mikononi walijipenyeza huko huko. Mmoja, niliyezoea kumwona sakafuni kwa jirani mwenye video, aligusa maua ya korosho.

"Kumbe huku iko hivi!"

"Mie nlikuwa najua," alijibu mwenzake.

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikaufunga.

Nyumba ile sasa ni hoteli. Uwani pana meza za vioo. Video ya jirani haipo, na bibi tumeshamzika. Kava lilipandwa mrehani miaka kadhaa, kisha sijui lilikokwenda.

Mpwa wangu, baada ya kunisikiliza, aliitafuta filamu kwenye simu, akapata video ya jinsi ilivyopigwa, akaisimamisha. Picha haikutetemeka. "Kulia ndo huku, shangazi."

Niliinama nikatazama. Palikuwa pekundu, laini, patupu.

Niliwaonea huruma wenye filamu. Pikipiki ya gharama zote zile, na hawakuwa na mtu wa kuwachania kanga.